Geti Kali la Yombo

Jumatatu, 5 Agosti

Namshukuru Mungu kwa uzima. Kwa mengine yote ya leo nitamshukuru baadaye.

Aichi ametembea. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Herieth. Wiki nzima alikuwa anashikilia viti, leo asubuhi kaachia. Hatua chache za kilevi, kisha puu, kakaa kwa makalio, kacheka. Nililia kidogo. Tulikuwa wawili tu, kwa hiyo hakuna shahidi wa maana.

Kabla ya adhuhuri katembea tena. Safari hii kapita chini ya pazia la mlangoni, kavuka uwanja, kafika hadi kwenye jiko la jirani yetu Somoe, ambaye hukaanga vitumbua nje ya nyumba yake. Somoe alimdaka mkono ukiwa umeshanyooka kuelekea kwenye mafuta. Kamrudisha akiwa kambana kwapani kama mkungu wa ndizi, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwenye sala. Akauliza sala gani ya kukoroma. Nikamwambia Walutheri wengine huomba hivyo.

Somoe kampigia simu Herieth. Si kwa ubaya, ndivyo alivyo, habari haikai kwake. Herieth kanipigia mie.

Hali yetu ni hii. Tangu ile yadi ya makontena ya Kurasini ihamishiwe nje ya mji na mie kubaki nyumbani, Aichi anakaa kwetu Yombo siku za kazi, maana wazazi wake wako maofisini Kinondoni. Mke wangu Yustina yuko na viazi vyake sokoni Tandika tangu alfajiri. Kwa hiyo mlezi ni mie. Wanaume wa mtaa wananiita yaya. Sijali. Kabla ya huyu mtoto nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilikuwa nasikia friji ikifikiri.

Herieth kasema ataamua Jumapili. Kama mlango wetu bado utakuwa wazi kama soko, Aichi anahamia Mbezi Beach kwa bibi yake mzaa baba. Kule kuna ukuta, geti, mlinzi na bustani ya nyasi.

Mama Adelard. Mzazi mwenzangu. Mwalimu mkuu mstaafu, Mhaya, anatembea kama mtu anayekagua mistari. Anamwita mtoto Koku, wakati jina la Aichi nimelitoa mie, ni jina la mama yangu. Mtoto akiitwa Koku hageuki. Nimemjaribu leo. Aligeuka, lakini nadhani alisikia nzi.

Nimeshapata dawa. Nitaweka geti dogo mlangoni. Miaka yote kule Kurasini kazi yangu ilikuwa kufunga milango ya makontena. Ngano za watu, magari ya watu, hakuna kilichotoka bila ruhusa yangu. Itakuwa kitoto ambacho hata meno hayajatimia?

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Twalib, mume wa Somoe, fundi seremala. Mzaliwa wa hapahapa, babu zake walikuwepo Yombo ikiwa mikorosho mitupu. Nikamweleza: geti la mbao, lifike kiunoni, lifungwe na kufunguliwa kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili una mtoto.

Akaniuliza kwa nini nisifunge mlango tu.

Mtu mzima, ana wajukuu, anauliza hivyo. Mtaani kwetu mlango ukifungwa mchana watu wanajua kuna moja kati ya mambo mawili, msiba au pilau. Kwa yote mawili watakuja.

Tukatoboa ukuta ili tuweke bawaba. Drili ikaingia, mchanga ukatoka. Tukasogea pembeni kidogo, mchanga ukatoka mwingi zaidi. Aichi kaja na kikombe chake kuuchota. Twalib kazima drili, kasema huu si ukuta bwana, huu ni mchanga uliokubali kusimama kwa heshima yako.

Kabla Yustina hajarudi nilifunika matundu kwa kalenda ya kanisa. Kalenda imekaa usawa wa magoti. Kaingia, kaweka kapu chini, kauliza kalenda hiyo ni ya nani. Nikamwambia ya mtoto, ajue tarehe mapema. Hakusema kitu. Yustina akinyamaza ni kama mtu anayeweka akiba.

Jumatano, 7 Agosti

Wazo limekuja kwenye chai. Kontena halina haja ya kutobolewa. Mlangoni mwake kuna fimbo ya chuma iliyosimama, ina mpini. Ukivuta mpini, fimbo inazunguka, meno ya juu na ya chini yanauma. Basi, imekwisha. Kwa hiyo geti langu litajibana lenyewe kwenye fremu kwa bolti za kukaza, mfano wa jeki, halafu litafungwa kwa fimbo fupi yenye mpini. Tundu hata moja hakuna.

Twalib kashinda kwenye kazi hiyo, kwa mbao za paleti nilizoziokoa yadini. Ubao mmoja bado una ile alama ya bilauri, ya vitu vinavyovunjika. Nimesema iachwe. Ni onyo zuri kwa wageni.

Likasimama. Nikavuta mpini kwa kidole kimoja. Kwaa. Limefunga. Nikarudisha. Kwaa. Limefunguka. Twalib naye kajaribu, halafu kajaribu tena bila sababu.

Aichi alilisogelea, akalitikisa, akaniangalia usoni. Hakulia. Akaanza kutoa vitu nje kupitia katikati ya mbao: kandambili yangu, rimoti, miwani, kitabu cha nyimbo. Kama yeye hatoki, basi vitu vitoke. Nimeipenda akili hiyo. Ni ya upande wetu.

Tatizo limekuwa Somoe. Kaja kuomba chumvi kama kawaida. Hodi. Nikaitikia karibu. Kaingia na mwendo wake uleule, kichwa ndani ya pazia, goti likakutana na geti, kanga ikanasa kwenye mpini. Mie niko mbali, nimembeba mtoto ananyunyiza uji. Somoe kasimama palepale, nusu ndani.

"Baba Herieth, umenikaribisha au umenikamata?"

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya mtoto, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka mashtaka. Akasema mashtaka ni kweli kapeleka, lakini tangu azaliwe hajawahi kuona karibu yenye komeo. Kaondoka bila chumvi.

Alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Hapa Dar wale wanaokaa kwenye kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu tunawaita watu wa geti kali. Watoto wao hawajui hata vumbi lina ladha gani. Sasa nyumba yangu haina ukuta. Haina hata michongoma. Mbuzi wa Twalib wanapita chini ya dirisha langu kama wapangaji. Na bado vijana wa bodaboda wa pale kona wameniamkia: "Shikamoo babu geti kali."

Nimeitikia marahaba. Adabu kwanza.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, mapumziko. Herieth kaja kukagua. Kakagua kama afisa wa forodha. Kafunga kwa mkono mmoja, kasukuma kwa paja, katikisa. Akasema, "Baba, hili limekaa vizuri." Nilitaka kumwomba arudie kwa sababu Yustina alikuwa jikoni, hakusikia.

Halafu akasema lakini.

Lakini mama mkwe wake ana nyasi. Lakini Koku, kasema Koku mbele yangu, kule ana chumba chake mwenyewe. Lakini Mama Adelard akiziona hizi mbao atasema mjukuu wake kafungiwa kwenye kreti la soda. Kasema sie wawili tunamvuta mtoto, lakini anayechanika ni yeye Herieth. Jumapili Mama Adelard anakuja kwenye Sikukuu ya Mavuno usharikani kwetu, na baada ya ibada tutamaliza.

Nilikaa na habari hiyo. Mama Adelard, kanisani kwetu. Nikafungua neno nikasoma. Nikaomba. Katikati ya kuomba wazo likaingia. Mawazo mengine ni ya Bwana na mengine ni yangu. Hili lilikuja limevaa vizuri, sikuliuliza limetokea wapi.

Jumapili nitalibeba geti hadi kanisani. Mchungaji ataliombea mbele ya usharika wote, na Mama Adelard akiwa ameketi anaona. Geti lililoombewa na mchungaji, nani atasimama aseme halifai? Atakuwa anabishana na nani? Si na mie.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepaka geti rangi ya bluu. Nimelifunga utepe.

Nimempelekea Somoe chumvi mwenyewe, nusu paketi, kwa ajili ya amani. Kaipokea dirishani. Kasema na yeye siku hizi ana utaratibu.

Yustina alikuwa anachagua viazi vya kupeleka kwenye Mavuno. Nikamweleza mpango wangu. Kaacha viazi, kaniangalia. Akauliza, yaani siku ya Mavuno ndiyo nalipeleka mbele, pale kwenye mazao? Nikasema hapohapo, watu watakuwa wengi. Akauliza tena kama nina hakika. Nikamwambia mama, imani haiulizwi mara mbili.

Akarudi kwenye viazi vyake, kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikajua anaguswa.

Jumapili, 11 Agosti

Niandike taratibu.

Nilifika mapema. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, maboga, miwa, trei za mayai, kuku waliofungwa miguu. Nikaliegemeza geti katikati, utepe ukiwaangalia watu. Nikaenda kukaa safu ya mbele. Mama Adelard alikuwa nyuma yangu, kitenge chenye mabega, mkoba mkubwa, Aichi mapajani mwake. Sikugeuka. Niligeuka kidogo.

Mchungaji akayaombea mazao yote kwa pamoja, akamalizia na vyote vilivyoletwa mbele za Bwana. Nikaitikia amina iliyosikika hadi kwa kwaya. Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kuinuka nikalichukue geti langu.

Mzee wa kanisa Benedikto kashika kipaza sauti. Mnada.

Mie ni Mlutheri tangu tumboni. Kila Mavuno ya maisha yangu nimeona kilichoombewa pale mbele kinapigwa mnada, hela inakwenda kwenye kazi ya Bwana. Nimenunua kuku humo. Nimewahi kununua boga la mke wangu mwenyewe. Akili hiyo yote Alhamisi ilikuwa imesafiri.

Kuku wakaenda. Maboga yakaenda. Benedikto kaliinua geti, kaligeuza mbele, kaligeuza nyuma. "Wapendwa, Bwana ametujalia na hiki. Sijui ni nini, lakini kimefungwa utepe." Mtu wa kwaya akasema ni chanja cha vyombo. Mwingine akasema ni banda la kuku, huo ni upande mmoja, pande nyingine ziko njiani. Mama mmoja mfugaji akataja bei. Nikanyoosha mkono nikapanda juu yake. Benedikto alifurahi, akautangazia usharika, "Mnamwona Baba Herieth? Katoa mwenyewe, anakomboa mwenyewe! Huyo ndiye mtoaji." Makofi. Vigelegele.

Kulikomboa ndiko nilikokuwa nakutaka, lakini mfukoni nilikuwa na nauli na bahasha ya ahadi. Nikapanda tena kwa imani. Nikamtafuta Yustina kwa macho aniokoe. Yustina kajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, kitabu kiko juu chini.

Ndipo ikasikika nyuma sauti ya mwalimu mkuu. "Mara mbili ya hiyo."

Kanisa zima likageuka, hadi kuku. Benedikto akauliza mara ya kwanza, akauliza ya pili, akagonga meza.

Ipo desturi kwamba anayenunua huweza kumzawadia mtu. Husimama akasema hiki namnunulia mchungaji, hiki namnunulia bibi fulani. Mama Adelard kasimama. Akasema anamnunulia mtu aliyemletea furaha uzeeni. Akanitazama. Nikainuka nusu. Maneno ya shukrani yalishafika kooni.

"Mjukuu wangu Koku," akasema. "Na babu yake tumshukuru kwa kazi nzuri."

Makofi mengine. Nikabaki hivyohivyo nusu, nikajifanya nanyoosha mgongo.

Nje Herieth kanishika mkono, kwa upole kabisa. Akasema geti ni zuri, kweli tena, ndiyo maana hana wasiwasi tena, kwa sababu sasa liko Mbezi Beach. Nikamuuliza, na mtoto je? Alikuwa anamfunga mkanda kwenye gari la mama mkwe wake.

Jumatatu, 12 Agosti

Friji inafikiri kwa sauti.

Nimeacha mlango wazi kutwa. Hakuna aliyetoka.

Twalib kaja kunipa pole. Kasema kaona watu wengi walioibiwa mjini hapa, lakini mtu kuibiwa huku anapigiwa makofi ni mie wa kwanza. Somoe kaja na sahani ya vitumbua, kaingia moja kwa moja hadi kwenye kochi, kachukua chumvi mwenyewe. Kasema karibu yangu imepona. Halafu kaona kile kikombe cha mchanga cha Aichi pale chini ya kalenda, kanisogezea sahani. Tumekula vitumbua vyote.

Alasiri simu. Mama Adelard, sauti ya chini.

"Mzee Godlisten, lango lako halifiki."

Yeye huita lango. Anasema geti ni Kiingereza kilichopotea njia. Korido yake ni pana, geti linasimama katikati kama mgeni aliyekosa kiti, mtoto anapita pembeni. Fundi wake kashindwa. Akasema naomba uje.

Kasema naomba. Nimeandika hapa ili ibaki.

Jumanne, 13 Agosti

Mbezi Beach. Nyasi zipo, siwezi kusema uongo.

Mlinzi kauliza nimefuata nini. Nikamwambia geti. Akasema geti ni kazi yake, nisimharibie.

Aichi aliponiona kaachia kiti kaja mbio, kaanguka, kaja kwa magoti. Mama Adelard akasema leo Koku kachangamka. Sikusema kitu. Nilisema kidogo tu, moyoni.

Geti nimeliongezea mbawa, huku na huku, likabana ukuta kwa ukuta mwishoni mwa korido ya vyumba, pale inapoingilia sebuleni. Jambo linalofuata Yustina halijui. Nimepiga magoti nakaza bolti, nikawaza: likiwa rahisi hivi, kesho watanihitaji kwa lipi? Bwana kanipa kipaji ili kikae bure Yombo? Basi nikaongeza kichuma kidogo kwenye fimbo. Sasa mpini hauvutwi tu. Unanyanyuliwa, unasukumwa ndani, unapelekwa kushoto, ndipo unavutwa. Nikamwonyesha Mama Adelard mara moja, haraka, na mgongo wangu ukiwa katikati yetu. Nikamwambia huu ni usalama wa juu.

Akanisifu kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho, thenki yu. Nikamwambia likisumbua asisite, apige simu, mie nitakuja. Hata kila siku.

Nilikuwa namaanisha kila siku.

Jumatano, 14 Agosti

Simu imeingia sijamaliza chai. Halifunguki.

Bwana ni mwema.

Nikavaa shati la kanisani. Sikuharakisha, fundi akikimbia anaonekana hana kazi. Simu ya pili: yeye na mtoto wote wamekwama upande wa vyumba, na maharage yako jikoni upande wa pili. Mlinzi kaingia kuzima jiko lakini geti limemshinda; yeye kuliruka hawezi kwa magoti yake, na mtoto hataki kuvushwa peke yake. Hapo nikaanza kutembea vizuri. Simu iliyofuata haikuwa na maneno, ni Aichi tu analia. Nilimwambia kijana wa bodaboda asijali kuhusu uzee wangu.

Nimekuta hivi. Nyumba nzima harufu ya maharage yaliyoungua. Mlinzi kachuchumaa sebuleni anapitisha maandazi katikati ya mbao, kama siku ya kuona mahabusu. Ndani, Mama Adelard kakaa chini, miguu kainyoosha, wigi hana. Wigi kavaa Aichi. Kilio kimeshakwisha.

"Umefika," akasema. "Wafungue wafungwa wako."

Nikashika mpini. Nikanyanyua. Nikasukuma. Nikapeleka kushoto. Jana nilifunga nikiwa upande wa korido, leo niko sebuleni, kwa hiyo kushoto kwa jana ndio kulia kwa leo. Au kinyume chake. Nikajaribu kote. Nikajaribu kwa nguvu. Kichuma changu kikakatikia ndani.

Nikampigia Twalib. Nilipomweleza akaniomba nirudie, kumbe alikuwa ameweka spika kubwa ili Somoe asikie; msaada wao ukaishia kwenye kicheko.

Nikakaa chini. Mlinzi akanipa na mie andazi. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda, tukazungumza. Mama Adelard kaniuliza kwa nini Aichi. Nikamsimulia mama yangu, alivyokuwa akicheka hadi anashika kitu kilicho karibu, na kwamba huyu mtoto hucheka hivyohivyo, kashika kiti. Akasema Koku ni jina la dada yake mkubwa, aliyemlea, ambaye hakusoma ili yeye asome. Nilikuwa sijui. Akasema tangu astaafu haingii tena mahali watu wakasimama. Nikamwambia makontena nayo yamenisahau. Akacheka hadi akashika ukuta.

Aichi alikuwa ananipitishia vitu kwenye uwazi: soksi, kijiko, andazi alilokwisha kulitafuna. Nilikula.

Herieth kaja kumwona mwanawe akitoka kazini. Kasimama mlangoni. Baba yake sakafuni huku, mama mkwe wake sakafuni kule bila wigi, mtoto ana wigi. Kaweka mkoba chini, kaja, kalishika geti kwa mbawa zote mbili, kalivuta. Likatoka lote zima. Lilikuwa limejibana tu, halijatobolewa popote.

Mie ndiye niliyelibuni hivyo. Siku nzima halikunijia.

Herieth kainama, kaokota kipande cha kichuma, kakitazama, kakitia mfukoni.

Alhamisi, 15 Agosti

Hukumu imesomwa kwa simu, mie na Mama Adelard tumeunganishwa kwenye laini moja. Herieth kaanza kwa kusema anatupenda. Nikajua tumekwisha.

Aichi anakwenda kituo cha kulelea watoto, Kinondoni, jirani na ofisi yake. Jioni anarudi kwake. Mwisho wa wiki tutamwona, kwa zamu. Mama Adelard akaanza kueleza jambo kuhusu malezi ya awali. Herieth akasema, "Mama, maharage." Malezi ya awali yakaishia hapo. Nikaanza na mie. Akasema, "Baba, kile kichuma ninacho."

Nikamtakia kazi njema.

Yustina kaniuliza kichuma gani. Nimemwambia ni lugha ya mafundi. Kaniambia mlo wa mafundi uko kwenye sufuria, nikajipakulie.

Jumapili, 18 Agosti

Mahubiri yalikuwa juu ya kuridhika. Niliyasikiliza vizuri sana kwa niaba ya Mama Adelard. Naye alikuwepo, kaja toka Mbezi Beach, anasema kaipenda kwaya yetu. Kwaya yetu haipendeki, hata mchungaji anajua.

Baada ya ibada tulisimama kwenye kivuli cha kanisa tukitazama watoto wa watu wakikimbia. Akasema nyasi zake sasa hazikanyagwi na mtu. Nikasema mie nimeiondoa kalenda pale chini. Akanipa pole. Nikampa pole. Tukakubaliana, kama wazazi na kama Wakristo, kwamba jambo hili tumwachie Bwana.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwachia Bwana. Nimepita Kinondoni tu, kuona kama amepokea.

Kituo ni kidogo, kisafi, mlango wazi. Kinachozuia watoto ni benchi lililolazwa ubavu. Benchi! Mlezi mkuu, dada mmoja anaitwa Loveness, kalalamika mwenyewe bila kuulizwa kwamba wanalipanda kutwa nzima, Ijumaa mmoja kadakwa akiwa kashafika kwa muuza mihogo. Aichi kaniona toka ndani, kanirushia kiatu. Nikapima mlango kwa shubiri. Nikamwambia dada Loveness kwamba geti nitaleta bure, ni huduma, ila geti la aina yangu linataka mtu wa kukaa nalo, walau asubuhi. Na mchana.

Wakati anafikiri nikasikia kuimba huko ndani. Kiingereza. Nikachungulia. Mama Adelard, kwenye kiti kidogo cha plastiki, watoto wote wamesimama mbele yake kwa mstari. Kajitolea kufundisha nyimbo. Kaniona. Hakushtuka hata kidogo, kaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, akaendelea.

Tumezungumza nje. Kasema ugomvi wetu umemwudhi Mungu vya kutosha, sasa tushirikiane: yeye ndani na watoto, mie pale mlangoni na geti, na Herieth asiambiwe mpaka mtoto azoee. Nimempa mkono. Kasema safari hii liwe geti rahisi, mtu yeyote aweze kulifungua, awe ndani au nje. Nikamwambia kweli kabisa mzazi mwenzangu, yaliyopita yametufunza.

Nimetoka pale moja kwa moja hadi kwa Twalib na vipimo vyangu. Kauliza mpini nautaka pande zote mbili?

Nimemwambia mmoja tu. Wa nje.